Umbali na muda wa safari ya ndege: mfano wa Nairobi na New York

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni kama kilomita 11,840. Namba hiyo hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, kwenye mstari uitwao duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili za tufe.

Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utakatiza Nigeria, Mali na Mauritania kabla ya kuingia baharini. Lakini vuta uzi juu ya tufe, uone unavyopanda: Sudan Kusini, Darfur, Chad, Algeria, Morocco, na huko Atlantiki unafika kaskazini kuliko New York yenyewe ndipo unashuka. Njia ya uzi ni fupi kuliko ya rula kwa zaidi ya kilomita 300. Ramani bapa hutanua maeneo kadiri unavyokaribia ncha za dunia, ndiyo maana rula inadanganya.

Hata hivyo, rubani hafuati duara kuu moja kwa moja. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa na ndege zikalazimika kuzunguka. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa huwa nyingi kuliko zile za kwenye hesabu.

Sasa muda. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kwa Boeing 787, kwenda huchukua kama saa 15 na kurudi kama 14. Ni njia ileile na ndege ileile, ila upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Muda wa ratiba pia huanza ndege inapoacha maegesho na kuisha inapoegeshwa, kwa hiyo dakika za kutambaa uwanjani zimo.

Kinachowachanganya wengi ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi, kwa sababu kila moja ni ya mji wake. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi ya huko, na 7 wakati wa kiangazi. Tuseme ni Januari: unaondoka Nairobi saa 5:30 usiku, unatua New York saa 12:30 asubuhi. Ukitoa kwa haraka unapata saa 7, nusu ya safari imepotea! Kurudi, unaondoka saa 6:30 mchana na kutua Nairobi saa 4:30 asubuhi ya siku inayofuata. Hapo inaonekana ni saa 22. Badili kwanza saa zote mbili ziwe za mji mmoja, ndipo utoe.

Na anayekuja kukupokea mtumie saa ya kutua pamoja na tarehe yake, si ile ya kuondoka.