Filamu ya kwanza ya Kimalayalam, isiyobaki hata kipande

Ukimuuliza shabiki wa Mammootty au Mohanlal, nyota wa sinema za Kerala, kusini mwa India, filamu za Kimalayalam, lugha ya huko, zilianza lini, huenda akakutajia Balan ya mwaka 1938, ya kwanza kusikika ikizungumza lugha hiyo. Kabla yake ilikuwepo Vigathakumaran, filamu bubu. Jina hilo maana yake ni mtoto aliyepotea, na filamu yenyewe nayo imepotea.

Mtengenezaji wake, J. C. Daniel, alikuwa daktari wa meno. Alipenda mno kalaripayattu, sanaa ya jadi ya mapigano ya Kerala, akaona sinema ndiyo njia ya kuitangaza. Alikwenda Madras na Bombay kujionea kazi inavyofanywa, akauza ardhi yake, na mwaka 1926 akafungua studio Trivandrum, katika ufalme wa Travancore. Hadithi akaandika mwenyewe, kamera akashika mwenyewe, na mbele ya kamera akaigiza mwenyewe. Ajabu ni kwamba mapigano hayakuwa kiini cha hadithi: ilimhusu mtoto aliyeibwa na kupelekwa Ceylon (leo Sri Lanka).

Sarojini, binti wa tabaka la juu la Wanair, aliigizwa na P. K. Rosy, mkata nyasi wa jamii ya Wapulaya, waliohesabiwa kuwa watu wasioguswa. Siku ya uzinduzi katika ukumbi wa Capitol (wengi hutaja Novemba 1928, wengine 1930) hakuruhusiwa kuingia. Inasimuliwa kuwa Daniel alipoonekana ndani ya filamu akibusu ua lililokuwa kwenye nywele za Rosy, watazamaji walianza kurusha mawe hadi pazia likachanika. Rosy alikimbilia eneo jirani la Watamil, akaolewa na dereva wa lori. Hakuigiza tena.

Daniel alifilisika, akauza vifaa, akarudi kung'oa meno. Mipaka ya majimbo ilipochorwa upya mwaka 1956, kwao kukaangukia jimbo la Madras (leo Tamil Nadu), na alipoomba msaada unaotolewa kwa wasanii wazee upande wa Kerala, akaonekana si mwenzao. Mwandishi wa habari Chelangatt Gopalakrishnan ndiye aliyepigania atambuliwe. Daniel alifariki mwaka 1975. Tuzo ya serikali ya Kerala yenye jina lake ilianza mwaka 1992.

Sisi wa hifadhi za filamu tunajua pia adui mwingine wa filamu za zamani. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati: hushika moto upesi, na ikikaa kwenye joto na unyevu hunata, hutoa harufu kali, mwishowe husagika kuwa unga wa kahawia. Kopi chache zisizotunzwa zina maisha mafupi.

Linganisha na filamu ya pili ya Kimalayalam, Marthanda Varma, ya mwaka 1933. Mchapishaji wa riwaya iliyotumiwa alishtaki kwa sababu ya hakimiliki, maonyesho yakasimamishwa, mikanda ikashikiliwa. Mtayarishaji alipata hasara, lakini kopi ikabaki imefungiwa kwa mchapishaji, na mwaka 1974 Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya India ikaichukua. Hiyo inaweza kutazamwa hadi leo.