HDR na 4K kwenye tableti: maana yake, na kipi jicho lako linakiona

Kwenye maelezo ya tableti, 4K na HDR hutajwa pamoja kama pacha, hadi wengi wameyachukua kuwa neno moja lenye maana ya "picha kali". Ni mambo mawili tofauti. 4K ni habari ya wingi wa vitone vya picha. HDR ni habari ya mwanga. Na kwenye kioo kidogo kinachoshikwa mkononi, hilo la mwanga ndilo lenye uzito zaidi.

Tuanze na vitone, maana ndivyo rahisi. Picha ya video imejengwa kwa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Full HD ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, jumla milioni 2 na kidogo. 4K ya video, yaani Ultra HD, ina 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3. Ni mara nne kamili.

Sasa ishike tableti kama unavyoishika siku zote, sentimita 40 hivi kutoka usoni. Jicho zima huweza kutenganisha vitone viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali huo, nafasi hiyo ni kama milimita 0.12. Vikikaribiana kuliko hapo, jicho huviona kitu kimoja. Chukua iPad Pro ya inchi 12.9: kioo chake kina pikseli 2,732 kwa 2,048, yaani 264 katika kila inchi, na upana wa kila moja haufiki milimita 0.1. Kioo hicho kimeshapita uwezo wa jicho la kawaida, na bado hakijafika 4K.

Hivyo ndivyo zilivyo tableti nyingi mno. Ukicheza video ya 4K, kifaa huipunguza ili ienee kiooni. Kwenye iPad hiyo, filamu ya umbo la 16:9 huonyeshwa kwa pikseli 2,732 kwa 1,537 hivi, karibu nusu tu ya zile zilizomo ndani ya faili.

Hata hivyo, 4K haiendi bure kabisa. Ili kupunguza uzito wa faili, video tunazotazama karibu zote huweka kipimo cha mwangaza kwa kila pikseli, lakini rangi huwekwa moja kwa kila kundi la pikseli nne. Full HD, kwa hesabu hiyo, ina rangi za picha ya 960 kwa 540 tu. 4K ina rangi za 1,920 kwa 1,080, na ikipunguzwa kwenye kioo kidogo rangi hizo hutulia vizuri zaidi, hasa kwenye kingo za kitu chekundu kilichokaa juu ya rangi nyingine. Faida ipo, ila ni ndogo, na bando hulipia: Netflix hushauri kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa Full HD. Kwa megabiti 15, saa moja inakaribia GB 7.

HDR ni jambo jingine kabisa. Maana yake ni upana mkubwa wa mwanga: umbali kati ya giza zito zaidi na mwanga mkali zaidi ambao picha inaweza kuubeba kwa pamoja bila kupoteza kilichomo pande zote mbili. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti, na niti moja ni mwangaza wa kandela moja, takriban mshumaa mmoja, kwa kila mita ya mraba. Video ya kawaida, SDR, ilirithi mipaka ya televisheni za zamani za kichogo, na hutengenezwa kwa kilele cha niti 100 hivi. Mfumo wa PQ, uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 2014 na ndio unaobeba HDR ya filamu nyingi, unaweza kuandika mwanga hadi niti 10,000.

Mshumaa wenyewe unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Fikiria umewaka katika chumba chenye giza. Kwenye SDR mwali ni doa jeupe. Nta iliyo chini yake nayo imekuwa nyeupe, na ukuta wa nyuma ni weusi mtupu. Kwenye HDR unaona utambi ndani ya mwali, ubuluu ulio chini, njano inayopanda kuwa rangi ya machungwa. Nta inang'aa kutoka ndani kama ngozi ya kidole kilichoziba tochi. Na gizani, ukuta una mikwaruzo yake. Hakuna pikseli iliyoongezwa hapo, ila mimi huona picha hiyo ina uhai ambao 4K peke yake haijawahi kunipa.

Angalia pia kwamba chumba hakikuongezewa mwanga. Hapa wengi hukosea: HDR haipandishi picha nzima. Uso wa mtu hubaki karibu na mwangaza wake wa kawaida. Kinachoruka ni mwali, mng'ao wa maji, jua nyuma ya mawingu. Wala si ile HDR ya kamera ya simu, ambayo huunganisha picha kadhaa za mwangaza tofauti ziwe moja.

Mwanga mpana unahitaji ngazi nyingi zaidi za kuupanda. SDR kwa kawaida hutumia biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. HDR hutumia biti 10 au zaidi, ngazi 1,024. Ndiyo maana anga la machweo, ambalo kwenye SDR hukatika mikanda mikanda, kwenye HDR huteremka taratibu. Ile 10 katika HDR10, jina la aina mojawapo ya HDR, ni biti hizo. HDR10 hutoa maelekezo ya mwanga mara moja kwa filamu nzima; aina nyingine, Dolby Vision na HDR10+, huweza kuyabadilisha tukio kwa tukio. HLG, aina nyingine tena iliyobuniwa na BBC na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilikusudiwa matangazo ya televisheni.

Lakini faili ni nusu ya habari. Tableti inaweza kuandikwa HDR kwa sababu tu inaipokea video hiyo, huku kioo chake kikiwa LCD ya kawaida yenye taa za nyuma zinazowaka zote kwa pamoja. Mwali ukitaka kung'aa, giza nalo linageuka kijivu. iPad Pro ya inchi 12.9 ya mwaka 2021 ilizigawa taa hizo kanda 2,596, ikafika niti 1,600 kwenye vilele, ingawa maandishi meupe juu ya weusi bado yaliweza kuzungukwa na ukungu hafifu. Kwenye OLED kila pikseli hujiwakia yenyewe, na ikizimwa ni giza tupu. Samsung iliweka kioo hicho pamoja na HDR kwenye Galaxy Tab S3 mwaka 2017.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ipite nembo na utafute mambo mawili: aina ya kioo na kilele chake cha niti. Kisha ukishaipata tableti yako, itazame mahali penye kivuli. Mwanga wa nje ukigonga kioo, weusi wote wa OLED humezwa na taswira yako mwenyewe. Na kama picha ya HDR inaonekana imefifia kuliko ulivyotarajia, angalia kwanza kama hali ya kuokoa betri imewashwa, maana huweza kuubana mwangaza ule ule uliouhitaji.