Vyeo vingi si dhamana ya uongozi bora

Kila uchaguzi ukikaribia husikika hoja ile ile: mpeni fulani, ameshika kila cheo, serikali anaijua ndani nje. Hoja tamu, lakini ina tundu.

Mtazame James Buchanan wa Marekani. Alipoapishwa kuwa rais mwaka 1857 alikwishakuwa mbunge, seneta, waziri wa mambo ya nje, na balozi nchini Urusi na Uingereza. Nani angemshinda kwa vyeo? Majimbo ya kusini yalipoanza kujitenga mwishoni mwa 1860, alitamka kwamba hayana haki hiyo, kisha akasema serikali nayo haina mamlaka ya kuyazuia kwa nguvu. Hadi anaondoka, majimbo 7 yalikuwa yametangaza kujitoa. Aliyempokea, Abraham Lincoln, alikuwa amekaa bunge la taifa kipindi kimoja tu cha miaka 2. Huyo ndiye aliyewaingiza kwenye baraza lake William Seward na Salmon Chase, waliowania naye tiketi ya chama, akavumilia ubishi wao.

Sisemi uzoefu hauna maana. Asiyejua bajeti inavyopitishwa atachezewa na watendaji wake. Ila usihesabu vyeo. Uliza alivitumiaje: wizara aliyoiongoza ilipokaguliwa, hesabu zilikaa sawa? Alipokosea alirekebisha, au alitafuta wa kumtupia lawama? Na hao wanaomzunguka, yupo hata mmoja anayethubutu kumwambia hapana?