Dagaa: tuanze na wanaobaki baharini

Kila ukizuka mjadala wa kuweka ukomo wa uvuvi wa dagaa, swali la kwanza huwa ni hili: zivuliwe tani ngapi? Kazi yangu ni kukadiria wingi wa samaki, na swali ninaloanza nalo ni jingine. Zibaki tani ngapi majini?

Maisha ya dagaa mchele, dagaa wadogo wa baharini, huhesabiwa kwa miezi. Chewa huishi miaka mingi, hivyo mazalia yakiharibika mwaka mmoja, wakubwa waliobaki hufidia. Dagaa hana akiba hiyo. Mayai yakikosa bahati, msimu unaofuata nyavu zinarudi tupu hata kama mvuvi hakukosea chochote. Peru walivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, dagaa wa huko, mwaka 1970. El Niño ya 1972, yaani bahari kupata joto kupita kawaida, ikawakuta wanavua kwa nguvu ileile, na uvuvi ukaporomoka.

Tena dagaa ni riziki ya viumbe wengine: jodari, nguru, kolekole, pomboo, ndege. Mwaka 2011 mtafiti Philippe Cury na wenzake walionyesha kwamba ndege wa baharini huanza kushindwa kulea makinda pale samaki wadogo wanaposhuka chini ya theluthi moja ya wingi wao wa juu kabisa. Wavuvi huniambia, "Tusipowavua sisi, si wataliwa tu?" Ndiyo, wataliwa. Na kuliwa huko ndiko kunakompa mvuvi wa mshipi nguru wake.

Kwenye Bahari ya Barents, kaskazini mwa Ulaya, Norwei na Urusi huruhusu kuvua kapelini, samaki mdogo wa maji baridi, kwa sharti kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, wazazi wasiopungua tani 200,000 watabaki kutaga. Hesabu isipofika, hakuna kuvua. Naupenda utaratibu huo, lakini unahitaji meli ya kupima samaki kwa mawimbi ya sauti kila mwaka. Meli ya utafiti ya Dr. Fridtjof Nansen ilipima maji yetu ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, ikaja tena 2018. Vipimo vilivyoachana hivyo haviwezi kuongoza uvuvi wa samaki wa miezi michache.

Halafu nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, wakati wa giza, yaani siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi. Boti za ringi, zinazovua kwa wavu wa kuzungushia samaki, zimekesha na taa, dagaa wanashuka kwa ndoo, dalali ananadi, na kabla jua halijachomoza mzigo umeshagawanyika kwa wakaangaji na wachuuzi. Chungulia ndoo moja: dagaa mchele, vibua wachanga, na vitoto vya samaki wengine. Nani ataipima, na ataiandika kama nini? Nyingine zinashushwa Kunduchi, nyingine Bagamoyo. Mgao wa tani kwa kila boti utaishia kwenye makaratasi, na ukomo wa jumla utazua mbio ambazo mshindi wake ni tajiri mwenye injini kubwa.

Ndiyo maana natetea ukomo wa siku. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, kwa hiyo boti hupumzika zenyewe. Dagaa wakiwa kwenye kilele cha kutaga, turefushe mapumziko hayo kabla na baada. Kujua kilele si kazi ngumu: chukua dagaa wa kila giza, wapasue, uangalie ni wangapi mfuko wa mayai umewajaa tumboni. Na usimamizi ni rahisi, maana anayevua kwa taa usiku anaonekana kutoka ufukweni. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024; linaweza kufanyika. Ila miezi mitatu mfululizo ni mizito kwa mama anayeishi kwa kuuza dagaa, na mimi ningeanza na siku chache zilizolenga mayai.

Anayeumia zaidi ni baharia, kwa sababu analipwa kwa mgawo na boti isipotoka hapati kitu. Sehemu ya ushuru unaotozwa sokoni irudi kwake kwa siku hizo, na ipangwe kabla tarehe hazijatangazwa. Bila hilo, mimi mwenyewe siungi mkono kufunga.