Ruzuku ya kilimo ni nini, na inafikaje kwenye bukari (ugali) yetu

Ruzuku ya kilimo ni fedha ya umma ambayo serikali inatoa ili mkulima alime kwa gharama ndogo, au asianguke bei ya mazao inaposhuka. Si mkopo, maana hairudishwi. Si zawadi pia, maana imetoka kwenye kodi za watu na ina masharti yake. Inaweza kuja kama fedha mkononi, mbolea ya bei nafuu, bei ya uhakika ya kununulia mavuno, au msamaha wa ushuru mpakani. Wengi hapa Lubumbashi, Kongo, wakisikia neno hili wanawaza fedha mkononi tu. Zile aina nyingine hazionekani, lakini ndizo zinazotugusa kila siku.

Marekani ilianza mfumo huu mwaka 1933, wakati bei za mazao zilikuwa zimeporomoka. Mkulima anaandikisha shamba lake kwenye ofisi ya wizara ya kilimo inayohudumia kaunti yake, na malipo mengi yanafuata mazao machache: mahindi, soya, ngano, pamba, mpunga. Yanafuata pia ukubwa wa ardhi, na hapo ndipo penye kasoro kubwa. Mwenye maelfu ya hekta anachukua fungu nono, mwenye bustani ya mboga haambulii kitu kwenye mafungu hayo. Hadi 2014 kulikuwa hata na malipo yaliyotolewa mwaka ambao bei ni nzuri, hata kwa mtu ambaye hakupanda zao lenyewe. Mpango mwingine, ulioanza 1985, unamlipa mkulima aache ardhi dhaifu ipumzike miaka 10 hadi 15 ili udongo usisombwe. Huo naona una busara.

Ila kuna jambo la kuiga: waliolipwa wanajulikana. Shirika la Environmental Working Group limeweka wazi malipo ya tangu 1995, kaunti kwa kaunti, kwa majina. Jirani anaweza kusoma na kuuliza.

Sasa tuvuke Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Zambia ina mpango wa pembejeo, FISP: mkulima mdogo anatoa mchango, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa kwacha 400, na serikali inalipa sehemu kubwa iliyobaki ya mbolea na mbegu. Mavuno yakiiva, wakala wa akiba ya chakula, FRA, ananunua mahindi kwa bei iliyotangazwa. Sehemu ya mahindi hayo, au unga wake, inafika kwetu. Kwa hiyo mama anayesonga bukari mtaa wa Kenya au Katuba hapa mjini anakula kidogo ruzuku ya Lusaka. Na Zambia ikizuia mahindi yasitoke, kama inavyofanya miaka ya njaa, bei ya mfuko wa unga hapa inapanda.

Mkulima wetu wa Kipushi au Kasenga ndiye anayeumia kimya. Mbolea anainunua kwa bei kamili, barabara mbovu anailipia mwenyewe, halafu sokoni anakutana na mahindi ambayo hazina ya nchi nyingine imeyabeba. Watu wanasema ni mvivu. Mimi nakataa: anashindana na serikali, si na mkulima mwenzake.

Sheria tunayo. Ile ya tarehe 24 Desemba 2011 kuhusu kilimo inataja mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo na msamaha wa ushuru kwa pembejeo zinazotoka nje. Kule Maputo, mwaka 2003, nchi za Afrika ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo.

Watu huniuliza kuhusu agizo la Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kwamba kila kampuni ya madini ilime hekta 500. Hiyo haikuwa ruzuku. Fedha ilikuwa ya kampuni, si ya umma, na agizo lenyewe halikuwa la kumpunguzia mkulima mdogo bei ya mbolea. Ruzuku ingekuwa kuchukua sehemu ya kodi ya madini, kumpunguzia mkulima wa Kasenga bei ya mbolea kabla ya mvua za Novemba, kisha kubandika majina ya waliopata kwenye mlango wa ofisi ya teritwari.