Kiwango cha uhalifu: mji mdogo unapoongoza orodha

North Battleford ni mji wa jimbo la Saskatchewan, Kanada. Wakazi wake ni kama 14,000. Ukiwaingiza wote kwenye uwanja mmoja mkubwa wa mpira, viti vingi vitabaki vitupu. Lakini kwa miaka kadhaa umetajwa juu kabisa kwenye orodha za uhalifu za nchi hiyo, mbele ya Toronto na Montreal. Msomaji wa mbali hudhani huko hakuna anayetoka nje jua likishazama.

Kiwango cha uhalifu si idadi ya makosa. Ni makosa yaliyofika polisi, yakagawanywa kwa idadi ya wakazi, kisha yakasemwa kwa kila watu 100,000. Hapo ndipo vijiji vinaponaswa. Mwaka 2023 Kanada nzima ilikuwa na mauaji 778, karibu mawili kwa kila watu 100,000. Sasa chukua kijiji cha watu 1,000, ugomvi mmoja wa ndani ya nyumba uishie kwenye kifo. Kiwango cha mauaji mwaka huo ni 100, mara hamsini ya nchi nzima. Mwaka unaofuata ni sifuri. Jirani wa nyumba ya tatu hakuwahi kuwa hatarini mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Tena, kwa hesabu ya zamani baiskeli iliyoibwa na mtu aliyeuawa vilikuwa kosa moja moja. Kwa hiyo mwaka 2009 idara ya takwimu ya nchi hiyo, Statistics Canada, ilianza kutoa fahirisi ya uzito wa uhalifu. Kila kosa hupewa uzito kufuatana na mahakama zinavyolihukumu: kati ya waliotiwa hatiani ni wangapi hufungwa, na kwa muda gani. Kiwango cha nchi nzima cha mwaka 2006 kimewekwa kuwa 100, na vingine vyote hupimwa kwa hicho. Kipimo hiki ni bora, sikatai. Ila watu wakiona 300 husema papo hapo kwamba hatari ni mara tatu, kumbe rundo la makosa madogo nalo hupandisha namba.

Halafu kuna kigawanyo chenyewe, yaani idadi ya wakazi. North Battleford ndiko wanakokwenda watu wa Battleford ng'ambo ya mto, wa mashambani na wa jamii za wenyeji wa asili walio karibu: madukani, hospitalini, mahakamani. Mgeni akiibiwa mjini, au yeye mwenyewe akiiba, kosa linaandikwa hapo. Yeye hahesabiwi kama mkazi. Makosa yanaongezeka, wa kugawanyiwa ni walewale.

Na yote haya ni yale yaliyofika polisi tu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 ambapo wananchi waliulizwa wenyewe, ni asilimia 29 tu ya matukio yaliyokuwa yameripotiwa. Kwa udhalilishaji wa kingono, asilimia 6. Kwa hiyo namba ikipanda, huenda wahalifu wameongezeka, au huenda wanawake wameanza kwenda kituoni. Namba peke yake haikwambii ni lipi. Mimi nikitaka kuhamia mji kama huo, ningetazama miaka mitano kwa pamoja na aina ya makosa, kisha nimuulize muuza duka saa ngapi anafunga.