Si unga, ni malaika

Wiki hii tena, hapa Wete, mwalimu mwenzangu kawaonyesha wanafunzi picha ya kichaka cha jangwani akawaambia majani yake "yana unga". Kijana mmoja, ambaye kwao wanalima matango, akauliza hapo hapo: huo ugonjwa wa ubwiri unga unapigwa dawa gani? Hakukosea kuuliza. Neno ndilo lililompoteza.

Kichaka chenyewe ni Encelia farinosa, jamii moja na alizeti, cha majangwa ya Sonora na Mojave huko Marekani na Meksiko. Kimo chake ni kama mita moja, na maua yake ya manjano hukaa juu ya vikonyo virefu. Kila "ua" ni kichwa cha vijiua vingi, kama la alizeti. Hayo wanafunzi wanayajua.

Tatizo ni ule weupe. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alikiita farinosa, jina lililochapishwa 1848, kutokana na farina, yaani unga kwa Kilatini, maana jani huonekana kama limenyunyiziwa sembe. Jina limetaja sura tu. Kilichopo juu ya jani ni malaika.

Laika moja, malaika mengi: vile vinywele vya mkononi vinavyosimama ukishikwa na baridi. Watu hulikwepa neno hili kwa kuwaogopea malaika wa mbinguni, na sarufi ilishawatenga zamani. Wale ni malaika wa, haya ni malaika ya. Wale asili yao Kiarabu, na mmoja wao haitwi laika hata siku moja. Shika bamia changa, au jani la mboga ya maboga kabla hujalimenya nyuzi: yale yanayokukwaruza ndiyo malaika. Upupu nao unatuwasha kwa malaika yake.

Ya Encelia hurudisha mwanga wa jua, jani lisipate joto kupita kiasi wala kupoteza maji ovyo. Penye mvua hutoka majani makubwa, ya kijani zaidi. Ukame ukizidi hutoka madogo, malaika yamesongamana, meupe pepepe. Ubwiri ni kuvu iliyokuja kukaa juu ya jani, na ukiupangusa unabaki kidoleni. Malaika yameota na jani lenyewe.

Basi mwenzangu, farinosa liache lilivyo. Ukifika kwenye jani, sema "lina malaika meupe", na yule kijana hatahangaika kutafuta dawa.